Damu Isiyojua Mchicha

Nyumba ya Mzee Badr, kule Chumbageni, ilikuwa na sheria nyingi kuliko shule ya bweni, na mjukuu wake Nihal alikuwa na haki ya kulisema hilo kwa sababu alikwishazivunja za pande zote mbili. Shuleni maharage yalikuwa lazima, na kosa lilikuwa kuyalalamikia. Kwa babu yake kosa lilikuwa kuyataja.

"Maharage chakula cha manamba," Mzee Badr alikuwa akisema, akiwakusudia vibarua walioletwa zamani kutoka bara kukata mkonge. "Sisi wazee wetu wametoka Maskati."

"Na majani, babu?" Nihal aliwahi kumuuliza.

"Majani anakula mbuzi."

"Na mbuzi tunamla sisi. Kwa hiyo majani tunayala, ila kwa kuzunguka."

Kwa hekima hiyo alinyimwa halua siku mbili.

Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini mtu aliyetokana na Maskati adhurike kwa mchicha, lakini sheria ikafuatwa. Asubuhi Mzee Badr alikula mkate wa boflo na chai ya rangi. Mchana wali mweupe na nguru wa kukaanga. Usiku ule wali wa mchana, umepashwa moto mpaka umekata tamaa. Katikati ya hayo, kahawa na halua. Marehemu bibi yake Nihal alikuwa akisaga mboga kisirisiri na kuzizamisha ndani ya mchuzi, na mumewe akala majani miaka arobaini huku akiyatukana. Bibi alipofariki, mwaka juzi, mchuzi ukafa naye, kwa sababu Mzee aliamuru kwamba mchuzi ule haupiki mtu mwingine.

Aliyebaki jikoni ni Kristina, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, Mkatoliki, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa hao hao manamba. Alipika alichoagizwa, akakipeleka ukumbini, kisha akarudi uani kula chake: maharage ya nazi na mchicha uliopikwa upesi, bado una rangi yake. Kila likizo Nihal alikula huko, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na hakuna mtu wa ukumbini aliyemuuliza kwa nini hashiki wali wake.

Likizo ya Juni alipofika alimkuta babu yake amebadilika. Amepauka kama karatasi ya daftari. Ngazi tatu za baraza alizipanda kwa vituo viwili. Ghadhabu zake, zilizokuwa zikidumu tangu adhuhuri mpaka magharibi, sasa zilimchosha kabla hazijakolea. Ajabu kuliko yote ulikuwa ulimi: mwekundu, laini, unang'aa kama umepigwa vanishi, na akitia chai ya moto mdomoni machozi yanamtoka.

Bi Ghanima, binti mkubwa wa Mzee Badr na shangazi yake Nihal, aliutazama ulimi ule kwa tochi ya simu, kisha akatoa hukumu. Bi Ghanima hakuwahi kutoa maoni maishani mwake. Alitoa hukumu tu.

"Baba ametiliwa kitu."

"Kitu gani, shangazi?"

"Sumu. Ulimi unababuka hivi kwa nini? Chakula chake kinapita mkono wa nani?"

Akageuza shingo polepole kuelekea jikoni, kama watu wafanyavyo wakitaka kila aliyepo aone shingo inageuka. Majirani wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa waliiona vizuri. Kufikia alasiri Chumbageni nzima ilikuwa imeiona.

Kristina aliyasikia akiwa anakuna nazi. Hakusimama.

"Miaka tisa," alimwambia Nihal. "Ningetaka kumuua ningemuua mwaka ule aliponiita mbuzi."

"Mwaka upi?"

"Yote."

Nihal alicheka sana. Alikuwa na miaka kumi na sita na aliamini kwamba upumbavu ukiachwa peke yake hujiaibisha wenyewe, hauhitaji msaada. Imani hiyo ilikuja kumgharimu mwingine.

Siku ya tatu Mzee Badr alikubali kwenda kwa daktari, kwa sharti kwamba isisemwe ni mgonjwa. Walimpeleka kwenye kliniki ndogo Ngamiani, kwa Daktari Precious, dada mfupi mwenye miwani ambaye alimwamkia "Shikamoo, Mzee" kwa adabu zote.

"Marahaba. Kwenu wapi weye?"

"Lushoto."

"Ah. Wapanda kabichi."

"Na karoti," alisema daktari, akaendelea kuandika.

Alimtazama ulimi, macho na kucha, akampima moyo. Akachukua damu kidogo kidoleni, akaenda kuitazama kwa hadubini yeye mwenyewe. Aliporudi alikuwa amekunja uso. "Chembe nyekundu ni chache, na hizo zilizopo ni kubwa kupita kiasi. Nataka kupima vitamini mbili, B12 na foleti. Hapa Tanga sina mashine yake, tutatuma damu Dar. Njooni keshokutwa asubuhi, na Mzee asile chochote tangu usiku. Maji tu."

Hapo ndipo sheria ya nyumba ilipoingilia, maana ilikuwapo sheria kuhusu jambo hilo pia. Katika ukoo wa Mzee Badr mtu haendi kwa daktari kama alivyo. Huogeshwa, hukatwa kucha, huvishwa kanzu iliyofukizwa udi, na hulishwa. Kulishwa hasa. Damu itakwenda mbele ya watu baki, itatazamwa, itaandikwa, na haifai ionekane imetoka kwenye nyumba yenye njaa.

"Asile chochote!" Bi Ghanima alitikisa bangili. "Ili tuseme nini huko Dar? Kwamba mtoto wa Maskati hana chakula?"

Akaagiza maini ya mbuzi. Siku mbili nzima Mzee Badr alilishwa maini yaliyosagwa laini kwa ajili ya ulimi wake, asubuhi, mchana na usiku, na asubuhi yenyewe ya kwenda kutolewa damu akalishwa sahani iliyojaa pomoni. Nihal alisimama mlangoni akitazama mtu akipambwa kwa ndani, na alilazimika kuuma upindo wa mtandio wake asicheke.

Kule kliniki daktari aliuliza, sindano mkononi, "Mzee, umekula kitu leo?"

"Hata tone," alisema Mzee Badr, na pumzi yake ilinuka maini na kitunguu saumu.

Daktari Precious alikuwa na mafua siku hiyo. Alimtazama Bi Ghanima, Bi Ghanima akatazama dari. Alimtazama Nihal. Nihal angeweza kusema maneno mawili tu. Badala yake aliona jinsi kisa hiki kitakavyowavunja mbavu wenzake bwenini, akatazama dari na yeye.

Majibu yalirudi baada ya wiki. B12 nzuri. Foleti nzuri pia, tena ya juu.

Watu wengine wangeshukuru Mungu. Bi Ghanima alishukuru kwa namna yake.

"Si niliwaambia? Damu ya baba haina upungufu. Basi kama damu nzima na mtu anakwisha, kilichobaki ni nini? Ni mkono wa mtu!"

Alimwita Mwalimu Uweso wa madrasa, akamtaka asome halbadiri Ijumaa ya wiki inayofuata, baada ya sala ya alasiri, kumwapiza aliyemdhuru baba yake. Mwalimu Uweso aliguna. Mwaka huo alikuwa amekwishaombwa halbadiri tatu na mwanamke huyo huyo, moja ikiwa ni kwa ajili ya kipuli cha dhahabu kilichokutwa ndani ya foronya yake mwenyewe.

"Bi Ghanima, kisomo hiki si cha mchezo. Kinamrudia mwenye kusingizia."

"Nisome mimi au usome wewe?"

Majirani wakaalikwa. Kristina akakatazwa kugusa sufuria. Tangu siku hiyo alishinda uani kwenye kigoda, mikono mapajani, watoto wa jirani wakipanda ukutani kumchungulia muuaji. Muuza samaki, aliyekuwa akimtania kila asubuhi, sasa aliweka samaki chini na kuondoka bila salamu.

"Ondoka, dada Kristina," Nihal alimnong'oneza. "Nenda kwako. Huhitaji kungoja ujinga huu."

"Nikiondoka nimekimbia. Nikikimbia, nimemuua." Kristina alizungumza kama anayesoma orodha ya sokoni. "Ijumaa wataniapiza mbele ya watu. Kesho yake babu yako akianguka, na ataanguka, unamwona mwenyewe, nitapika wapi tena mji huu? Nani atampa kazi mwanamke aliyesomewa halbadiri mtu akafa?"

Nihal alitafuta la kuchekesha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, duka lilikuwa limefungwa.

Alasiri hiyo hiyo alikwenda Ngamiani kwa miguu. Alimkuta Daktari Precious mwenyewe bado anaikodolea macho karatasi ile.

"Hainiingii akilini," alisema daktari. "Chembe za damu zinasema hana foleti. Majibu ya Dar yanasema anayo tele, kama mtu anayekula sufuria ya mchicha kila siku. Babu yako anakula mchicha?"

Nihal aliuona mawazoni uso wa babu yake akiulizwa swali hilo. Kisha akasema maneno mawili aliyoyakalia wiki nzima.

"Alikula maini."

"Lini?"

"Siku mbili, mara tatu kwa siku. Na asubuhi ile. Nilikuwapo."

Daktari alivua miwani. "Maini yana foleti nyingi sana. Ile tuliyopima ni ya kwenye majimaji ya damu, na hiyo hupanda kwa mlo mmoja tu. Inakuambia mtu amekula nini jana. Kuna kipimo cha foleti iliyomo ndani ya chembe nyekundu zenyewe. Chembe huishi miezi kama minne, na foleti huwekwa humo siku inapotengenezwa. Hiyo huipambi kwa sahani ya asubuhi. Inaeleza mtu ameishije."

"Na akiwa hana, inakuwaje?"

"Mwili unahitaji foleti kutengeneza damu. Bila hiyo zinatoka chembe chache, kubwa, na hazijakomaa. Majitu tu, kazi hazijui."

Nihal aliwakumbuka viranja wa bweni lake, akaelewa kabisa.

"Ndiyo maana anachoka," daktari aliendelea, "ndiyo maana ulimi unababuka, ndiyo maana moyo unakwenda mbio kusukuma damu isiyo na nguvu. Kwa umri wake moyo huo unaweza kuchoka moja kwa moja. Na dawa yenyewe ni kidonge kidogo hivi. Lakini sitoi kwa kubahatisha. Mlete nimpime upya, tumbo tupu la kweli."

"Hatakuja. Ameshasema hatoi damu tena hata kwa malaika. Na Ijumaa shangazi anamsomesha halbadiri mpishi wetu, ati ametia sumu."

"Basi mwache shangazi yako aapize watu," alisema daktari, akavaa miwani yake.

Nihal alirudi Chumbageni akiwaza njia nzima. Kumsihi babu yake hakukuwa na faida. Mzee Badr alikuwa mtu wa kusihiwa kwa furaha kubwa na kukataa kwa furaha kubwa zaidi. Alimkuta barazani, akaketi chini kwa adabu inayotia shaka.

"Shikamoo, babu. Nimepita kliniki. Daktari anakusifu."

"Marahaba. Ananisifu nini?"

"Damu yako. Anasema hajapata kuona Mwarabu anayekula mchicha mwingi kiasi hicho."

Kahawa ilisimama hewani.

"Anakula nini?"

"Mchicha. Majibu ya Dar yanasema hivyo. Sufuria kila siku. Nimemwambia labda na maharage. Ameandika kwenye faili lako, na faili linakaa pale daima, mtu yeyote atalisoma."

Mzee Badr aliinuka. Ilimchukua muda, na alilazimika kushika nguzo, lakini hasira ilimpandisha pale ambapo damu ilishindwa. "Mimi? Mimi, Badr, nimeandikwa mla majani? Na mpanda kabichi?"

"Labda wamekosea, babu. Lakini bila kupima tena, nani atajua?"

"Kesho! Kesho asubuhi! Na nisipewe hata maji! Waje waone kama kuna jani ndani ya damu hii!"

Usiku huo Bi Ghanima alileta maini. Baba yake aliyasukuma mpaka ncha ya mkeka na kumwambia kwamba anataka kuharibu ushahidi. Asubuhi alikwenda Ngamiani ana njaa ya kweli, akanyoosha mkono kabla hajaambiwa. "Chukua yote," alimwambia Daktari Precious. "Na ukimaliza ulifute lile neno."

Majibu yalifika Ijumaa yenyewe. Nihal aliyangojea kliniki tangu saa nne, na alipokabidhiwa bahasha alirudi karibu kwa kukimbia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu Uweso ameketi kwenye mkeka, kitabu hakijafunguliwa. Bi Ghanima amevaa nguo ya Idi. Kristina amesimama kwenye mlango wa uani, amefunga kilemba kipya, begi lake miguuni.

"Majibu ya babu," Nihal alisema.

"Yatasomwa baadaye," alisema Bi Ghanima. "Mwalimu, anza."

Mwalimu Uweso alilaza kiganja juu ya kitabu. "Sianzi. Isomwe kwanza hiyo."

"Tena kwa sauti," Kristina alisema kutoka mlangoni. Watu waligeuka. Hawakuwahi kumsikia akisema neno katika ukumbi ule zaidi ya "karibuni". "Mbele ya watu nilitajwa. Mbele ya watu isomwe."

"Nipe mimi!" alisema Mzee Badr. Alikuwa akiingoja karatasi ile kama mtu anayengoja hati ya shamba lililoporwa. Akaitandaza, akaiweka mbali na macho, akasoma kwa sauti ya hotuba.

"'Hakuna dalili yoyote ya sumu.' Hm. 'B12 ni ya kutosha, kwa sababu mgonjwa anakula samaki. Foleti ndani ya chembe nyekundu iko chini sana. Hii ina maana kwamba kwa miezi mingi mgonjwa hajala mboga za majani, maharage wala matunda.'" Akainua kichwa, uso wake uliopauka unang'aa. "Mmesikia? Miezi mingi! Hajala! Mtu asije akaniambia neno!"

Watu walikuwa wakifanya hesabu yao kimya kimya, na jibu halikuwa Kristina.

"Endelea, babu," alisema Nihal. "Kuna ukurasa wa pili."

"'Kipimo cha kwanza kilidanganya kwa sababu mgonjwa alilishwa maini, kinyume cha maelekezo.'" Sauti ilipungua kidogo. Bi Ghanima alianza kurekebisha mtandio uliokuwa umekaa sawasawa. "'Tiba: vidonge vya foliki, kimoja kila siku kwa miezi minne.'"

"Si ndivyo anavyomeza mke wangu?" aliuliza jirani, Sadalla, ambaye hakukusudia ubaya wowote. "Vile wanavyogawa kliniki ya wajawazito? Vya njano?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita ukumbini, na hata Mwalimu Uweso aliinamisha uso ndani ya kofia yake. Mzee Badr alisoma yaliyobaki kwa haraka, kama mtu anayemeza kitu kichungu. "'Kila siku ale mboga za majani zilizopikwa muda mfupi. Machungwa. Na maharage.'"

"Maharage," alirudia Nihal kwa huzuni kubwa.

Mwalimu Uweso alichukua kitabu chake, akasimama. "Bi Ghanima, hapa hapana wa kuapizwa. Ila kuna mtu wa kuombwa radhi."

Macho yote yalikwenda kwa Bi Ghanima. Yeye alitafuta pa kuyaweka yake, akaishia kuyaweka kwenye dari. "Basi, yamekwisha," alisema. "Binadamu hukosea. Kristina, nenda jikoni, mgonjwa hajala tangu asubuhi."

"Hiyo ndiyo radhi?" aliuliza Kristina.

"Nimesema yamekwisha."

"Nimesikia." Kristina aliinua begi. "Karatasi tu ndiyo niliyokuwa naingoja. Nilitaka watu hawa waisikie, na wameisikia. Mzee, Mungu akupe afya."

Mzee Badr alimtazama, na pengine kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliona anamtazama mtu. "Kristina. Sasa hayo majani atapika nani?"

"Binti yako yupo. Dakika tano, Mzee, asizidishe. Mchicha ukichemshwa mpaka ukawa tope, foleti yote imekwenda na maji."

Akapita katikati ya wageni, wakampisha, mama mmoja akamshika mkono na kumwita dada. Nihal alimnyang'anya begi na kulibeba mpaka barabarani, ambapo bodaboda mmoja alikuwa akilala juu ya pikipiki yake.

"Dada Kristina, kuna jambo." Nihal alitazama mchanga. "Yale maini, mimi niliyajua. Daktari aliniangalia na mimi nikanyamaza."

"Najua. Ulirudi ukicheka mpaka nikakusikia jikoni."

"Sikujua yatafika huku."

"Hukujua kwa sababu hayakuwa yanakuja kwako." Kristina alichukua begi lake, akalipakata, akamgusa dereva begani. "Ngamiani, mwanangu. Taratibu, nina mayai."

Pikipiki iliwaka kwa teke la pili. Nihal alibaki pale kando ya barabara mpaka ilipokata kona, halafu akasikia shangazi yake akimwita kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyeshika fungu la mchicha na hajui kama unaoshwa kabla ya kukatwa au baadaye.